Msisugue misumeno ya zamani kwa msasa

Mhariri, naomba kanafasi kidogo tu. Mtu akipata msumeno wa mkono wa zamani kitu cha kwanza anashika msasa anasugua bapa mpaka ling'ae, jamani acheni, yale maandishi ya kiwanda yamechorwa juujuu tu na yakifutika ndo basi tena! Kujua kiwanda na umri wa msumeno, anzeni na kile kimedali cha shaba kwenye mpini. Mfano Disston, kile kiwanda cha misumeno cha Philadelphia, Marekani, ukisoma "& Sons" ujue ni kuanzia 1871 hivi, maana kabla ya hapo ilikuwa "& Son", yaani mwenye kiwanda na mtoto mmoja tu. Ila kikisema "Warranted Superior" (yaani ubora wa juu umedhaminiwa) peke yake hicho hakikwambii kiwanda, wengi walikitumia, kwa hiyo muuzaji asikupige bei kwa hilo.

Fundi mstaafu