Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wahitimu wa Mlimani Tunaoishi Dodoma

Mlezi wetu, wajumbe wa Kamati ya Utendaji, ndugu wanachama, habari za asubuhi.

Ahsanteni kwa kufika. Najua Jumamosi kama hii kila mtu Dodoma ana kikao cha harusi pembeni, na upepo wa leo haukuwaonea huruma waliokuja na bodaboda kutoka Nkuhungu. Kabla ya lolote naomba tusimame tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mbele ya haki tangu tulipokutana mara ya mwisho.

Ahsanteni, tukae.

Ya kawaida nitayapita haraka. Hesabu zimekaguliwa, na Mhazini atazisoma mstari kwa mstari baada yangu. Mimi niseme tu kwamba rambirambi zote zilifika kabla ya maziko, na kwamba ada ya mwaka hailipwi kwa kutuma kidole gumba kwenye grupu la WhatsApp. Anayejijua amejijua. Ofisi bado hatuna. Mafaili ya chama yako sebuleni kwa Katibu, na taarifa nilizonazo ni kwamba shemeji yetu ameanza kuuliza yataondoka lini.

Jambo lililotushughulisha hasa ni kijitabu. Mlituagiza tukusanye kumbukumbu za Mlimani, Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam, jinsi tulivyoishi sisi wenyewe. Kamati ikaona tuanze kwa kusimuliana: tukawa tunakutana jioni, chai na karanga mezani, mmoja anasimulia na kijana mmoja anarekodi kwa simu. Sikutegemea kama tungegombana. Tumegombana, na nitawaeleza kwa nini naona ni heri.

Chama chetu kina rika mbili. Wako wazee waliokuja na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa. Hao wamekula vumbi la Dodoma kabla halijawa vumbi la jiji. Halafu tuko sisi tulioletwa na wizara baada ya tangazo la Julai 2016, tuliofika tukilalamikia maji ya chumvi. Wazee walisoma wakati serikali ndiyo inayolisha. Sisi wa baadaye tunakumbuka kusubiri bumu, ile posho ya mwanafunzi, na walio wadogo kabisa hawajui mlipaji mwingine zaidi ya Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Ukiwakalisha meza moja, hata juu ya wali wa kantini hawaelewani.

Jioni ya kwanza ilikwenda kwa amani kwa sababu tulizungumzia mwanzo, na mwanzo hauna mtu wa kukasirika. Baadhi yetu tunavaa fulana za chuo bila kujua kwamba hakikuzaliwa mlimani. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi 14. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka uliofuata kikapanda kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe. Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza akawa Pius Msekwa, yule yule ambaye wenzetu wa Bungeni walikuja kumjua akiwa Spika.

Jioni iliyofuata ndiyo iliyowasha moto. Mzee wetu mmoja alileta suala la 22 Oktoba 1966. Serikali ilitaka wasomi waende Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini wakipokea asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakavaa majoho yao wakaandamana hadi Ikulu, na miongoni mwa mabango lilikuwemo lililosema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Vijana wetu, ambao watoto wao wanakwenda kambi ya JKT Makutupora hapo barabara ya Arusha baada ya kidato cha sita na kurudi wamenyooka, walicheka. Mzee hakucheka. Alieleza kwamba mtoto wa mkulima aliyesomeshwa na ukoo mzima alikuwa anasubiriwa nyumbani na ukoo mzima, na asilimia 60 ya mshahara inapokatwa haikatwi kwake peke yake. Hakuwatetea walioandika lile bango. Alitaka tu ijulikane kwamba si wote waliokuwa na tamaa. Nimewasikia watu wengi wakisimulia 1966, ila upande huo wa mezani kwa mama sikuwa nimeupata.

Mama mmoja aliyeingia baada ya Azimio la Musoma la 1974 alituletea karatasi. Mnajua Musoma ilivyobadilisha mambo: ukimaliza kidato cha sita huendi chuo, unakwenda kwanza kazini, na huko unatafuta watu wa kukuandikia kwamba tabia yako inafaa. Yeye aliitunza nakala ya barua ya tawi lake la TANU. Ni karatasi nyembamba ya kopi ya kaboni, herufi za taipureta zimefifia kuwa zambarau, muhuri umepigwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulikosa wino. Inasema mwombaji ni mchapakazi na hana majivuno. Ikazungushwa mkono kwa mkono, na kila aliyeishika aliishika kwa vidole viwili. Mama akatukumbusha kwamba utaratibu ule uliwapunguza sana wasichana, maana miaka miwili ya kazi ndiyo miaka ya posa, mpaka ikabidi baadaye wasichana waruhusiwe kuingia moja kwa moja.

Kuhusu akina Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana aliyetufundisha, Museveni na USARF, kundi lake la wanafunzi wanamapinduzi, na jarida lao la Cheche lililopigwa marufuku mwaka 1970, sisemi mengi. Hayo yana watu wengi wa kuyasimulia, na kusema kweli kila mhitimu wa miaka ile anadai alikaa mstari wa mbele Rodney akizungumza. Ukumbi wenyewe usingewatosha.

Lililotugawa hasa ni Mzee Punch. Kwa wasiofahamu, lilikuwa kundi la siri lililobandika vikaragosi na matusi ukutani kuwaumbua watu, wasichana zaidi. Kaka zetu wa miaka ya 80 walianza kusimulia kwa vicheko, huyu alichorwa hivi, yule hivi. Dada mmoja wa rika lao akaomba nafasi. Akasema kuna wasichana waliokuwa wanaogopa kwenda kula kwa sababu ya kuta zile, na akawakumbusha kwamba mwanzoni mwa 1990 mwanafunzi mwenzao wa kike alijitoa uhai baada ya kuandamwa, ndipo Punch ikakomeshwa. Ukumbi ulinyamaza. Tuliahirisha kabla ya chai ya pili.

Baada ya hapo nilipokea barua ya wanachama kadhaa wakiomba kijitabu kiachane na 1966, na Machi 1978 wanafunzi walipoandamana kupinga mawaziri na wabunge kuongezewa maslahi wakaishia kufukuzwa (ndugu zangu wa Bungeni msininunie), na kufungwa kwa chuo Mei 1990 hadi mwanzoni mwa 1991, na Punch. Hoja yao ni kwamba kijitabu kitapewa wageni na wafadhili. Hoja naiheshimu, ila siikubali. Kijitabu cha picha za mahafali pekee kitakuwa albamu ya harusi, na chuo chetu hakihitaji albamu. Waliokuwa kwenye matukio haya bado tunao, wengine wako ukumbini humu, na wakishaondoka hakuna atakayejua habari ya ile asilimia 60 wala ya wasichana wasiokwenda kula.

Safari ya Dar es Salaam ilifana. Tulipanda treni ya SGR alfajiri, na wazee waliokuwa wakisafiri usiku kucha na reli ya zamani walikaa dirishani kama watoto. Mlimani tulipokelewa vizuri. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, yenye nafasi za wasomaji 2,100, iliwaacha mdomo wazi waliozoea kuwahi kiti kwa kuacha daftari. Vimbwete, yale mabenchi ya zege ya kujisomea, vipo vile vile, vijana wanapiga msuli, na maneno hayajafa: mwenye mtihani wa kurudia bado ana sapu na aliyeondolewa chuo kwa kufeli bado amedisko. Mbele ya Ukumbi wa Nkrumah mjumbe mmoja alitoa pochini noti ya zamani ya 500, ile yenye picha ya ukumbi huo nyuma, akailinganisha paa kwa paa. Tangu sarafu ianze mwaka 2014 noti hiyo imekuwa adimu, na nilimwona mlinzi mmoja akiomba aishike kidogo.

Kuhusu jirani zetu wa UDOM. Mwaka 2007 Muhimbili na Ardhi ziliondoka Mlimani zikawa vyuo vikuu kamili, kama Sokoine ilivyofanya 1984, na mwaka huo huo wa 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma, yaani UDOM, kikaanzia Chimwaga. Baadhi ya wanachama wetu wanafundisha pale, na watoto wetu wengi wanasoma pale. Kamati inapendekeza jioni zetu zijazo zifanyike nao, wanafunzi wasikilize na waulize. Utani wa Mlimani na UDOM uendelee, ila mmoja wetu aliyezoea kuwaita wadogo aelewe kwamba binti yake anamsikia.

Naomba mkutano uamue mambo mawili kwa kura. La kwanza, kijitabu kiwe na matukio yote niliyoyataja, na sura ya Mzee Punch iandikwe na wanawake waliokuwepo. La pili, tuunde kamati ya uhariri ya watu watano, wawili wakiwa wanachama waliohitimu kabla ya 1980. Mkikataa la kwanza nitatii, ila dibaji ataiandika mwingine.

Wenye picha, barua na vitambulisho vya zamani wavilete kwa Katibu. Vitapigwa picha na kurudishwa siku hiyo hiyo. Tafadhali msivipeleke sebuleni kwake.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.