Mbona singa za mkonge zinachomoka kwenye rezini?

Mafundi wetu habari zenu. Hii nimeamua kuiandika kwa sababu swali linakuja karibu kila wiki, fundi anapiga simu karakana kwetu tunakoandaa singa, anasema nimenunua katani (ndo hizi singa, nyuzi za jani la mkonge) sokoni, nyeupe nzuri, nimeilaza kwenye moldi, yaani kalibu, nimemwaga rezini (ile gundi ya maji inayoganda kuwa plastiki ngumu) na hadina, dawa ya kuigandisha, kama kawaida, paneli imekauka vizuri kabisa, wiki ya tatu imepasuka. Na wa kwanza kulaumiwa ni rezini, eti siku hizi wanachakachua. Inawezekana. Lakini kabla hujaenda kugombana na aliyekuuzia hebu chukua kile kipande kivunje, uangalie pale kilipovunjika. Ukikuta singa zimetoka ndefu, safi, hazina hata alama ya rezini, yaani zimechomoka kama kisu kwenye ala, basi rezini haikuishika singa toka siku ya kwanza. Ukikuta singa zimekatika fupi fupi palepale kwenye mpasuko, zilishikana, tatizo lako litafute kwingine.

Sasa kwa nini haishiki. Singa moja unayoiona kwa macho sio uzi mmoja, ni kitita cha vijiuzi vidogo sana vimegandishwa pamoja. Vile vijiuzi nguvu yake ni selulosi, kwenye mkonge selulosi ni kama theluthi mbili ya uzito wa singa kavu, na hiyo ndo unayoilipia. Kinachobaki ni hemiselulosi na lignini zinazofanya kazi ya gundi, na juu kabisa kuna nta ya jani. Ukimwagia rezini juu ya nta ni sawasawa na kupaka rangi ukuta wenye mafuta bila kupiga msasa, itakauka, itapendeza, alafu itabanduka yote. Na kuna la pili, selulosi na hemiselulosi zinapenda maji sana na rezini ya poliesta haipendi maji kabisa, ukiwaweka pamoja hivihivi hawapatani.

Kutoa nyuzi kwenye mmea sio jambo geni kwetu watu wa pwani. Kule Unguja upande wa mashariki kina mama wanafukia makumbi ya nazi kwenye tope la bahari miezi mingi, wadudu wadogo wasioonekana wanakula ile gundi laini, wakiyafukua wanayapiga kwa gongo mpaka ubaki usumba mtupu wa kusokota kamba. Ila usumba una lignini nyingi kuliko mkonge na selulosi kidogo, ndo maana unavutika, hauozi haraka kwenye maji ya chumvi, lakini kwa nguvu ya kubeba mzigo hauufikii mkonge. Mkonge wenyewe haufukiwi, jani linapita kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani, linapondwa na kukwanguliwa huku linamwagiwa maji, nyama inatoka singa zinabaki. Jani likikaa siku nyingi baada ya kukatwa utomvu unagandia kwenye singa na hazisafishiki tena vizuri. Na kati ya kilo 100 za majani unapata singa kavu kama kilo 4 hivi, zingine zote maji na makapi, kwa hiyo mkiona bei msitushangae sana.

Tatizo ni kwamba toka Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mkonge hapa mwaka 1893 kazi kubwa ya mashamba yote ya Tanga imekuwa kamba. Singa ya korona ni nzuri sana kwa kamba, kwa magunia, hata kwa jipsamu ni nzuri (mafundi wa mikanda ya jipsamu nyie chukueni ya kawaida tu msiongeze gharama, jipsamu inachanganywa na maji na singa inakunywa maji, wanaelewana). Kwa rezini lazima iandaliwe kwanza.

Sisi tunachofanya karakana ni hiki. Tunachana singa na kuzikata urefu mliouagiza, tunaziosha, alafu tunaziloweka kwenye kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, gramu 50 kwa kila lita ya maji, masaa mawili mpaka manne bila kuchemsha. Soda inaondoa nta, inatoa hemiselulosi na sehemu ya lignini, maji yanageuka kahawia kama chai ya rangi, na kile kitita kinaanza kuachana kuwa nyuzi nyembamba zaidi na ngozi yake inakwaruza, sasa rezini ina pa kushika. Msifikiri soda kali zaidi ndo bora zaidi, ukizidisha inaanza kuharibu selulosi yenyewe na singa inakatika mkononi kama jani kavu. Baada ya hapo ni kusuuza, tena na tena, mwisho tunatia siki kidogo kumalizia soda iliyobaki na tunapima kwa karatasi ya litimasi, ile inayobadilika rangi soda ikiwa bado ipo. Maji yale machafu hatumwagi mtaroni hivihivi, tunayapooza kwa asidi kwanza, majirani wana visima.

Anayetaka kujaribu nyumbani sikuzuii, ila tafadhali sana vaa glavu na miwani, tia soda kwenye maji usitie maji kwenye soda, inachemka yenyewe inaruka usoni. Na usitumie sufuria ya aluminiamu, soda inaila na inatoa gesi inayowaka.

Kukausha ndo pametuumiza sisi wenyewe. Masika fulani tulipeleka oda kwa fundi anayetengeneza paneli za ndani za milango ya mabasi, singa zimeoshwa vizuri, zimekauka, tukazifunga kwenye viroba vya kawaida. Hewa ya pwani msimu ule imejaa unyevu, na singa iliyoachwa wazi inajirudishia maji mpaka karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Paneli zikatoka na malengelenge na weupe pembeni, rezini haikukauka sawasawa. Kosa letu, tukamrudishia hela na singa nyingine. Toka siku ile tunakausha jua kisha kwenye sanduku la joto la nyuzi joto 80, na tunafunga kwenye nailoni nzito palepale zikiwa na moto. Ukifungua mfuko tumia siku hiyo hiyo. Ukiwa na wasiwasi pima gramu 100, kausha, pima tena mpaka uzito ugome kushuka, ikibaki 90 ujue ulikuwa unalaza maji kwenye moldi.

Na niseme ukweli hata kama unanipunguzia oda, mkonge haushindi faiba ya kioo kwa nguvu. Ni mwepesi, kioo kinauzidi uzito karibu mara mbili kwa ujazo uleule, hauwashi ngozi, hauli visu vya mashine. Kwa paneli za ndani, dashibodi, viti, masanduku, uko vizuri, hata Mercedes-Benz waliweka mati ya mkonge na kitani kwenye milango ya E-Class upande wa ndani. Boti ya baharini au tangi la presha, hapana, nenda na kioo. Na wanaoyeyusha plastiki wasipitishe nyuzi joto 200, selulosi inaanza kuungua, inageuka kahawia na kunuka moshi. Wa saruji nao mjue saruji ina ukali wake kama soda, miaka inavyokwenda inaila singa ikiwa ndani, kwa hiyo punguzeni saruji mweke pozolana (kama majivu ya volkano), au tuongee kwanza.

Wanafunzi wa chuo mnaoulizia nanoselulosi, yaani selulosi iliyovunjwa vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, hiyo hatutoi, mara nyingi inatengenezwa kwa asidi kali maabara.

Mkija kuagiza leteni kile kipande kilichovunjika, hata kidogo, na mseme ni rezini gani mnatumia. Tutakivunja tena pamoja hapo mezani kabla hatujawauzia chochote.