Mnatoa vya kutupa, mnatupa vya kutoa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wako wanaotoa nguo kwa ajili ya maduka ya hisani, yale ya mashirika ya misaada yanayouza vitu vilivyotolewa bure. Mimi ni mchambuaji. Mifuko mnayoiacha kwenye masanduku ya kukusanyia hupita mezani kwangu kabla nguo hazijafika dukani, na mimi ndiye ninayeamua ipi itundikwe, ipi iuzwe kwa kilo na ipi ikatupwe. Kabla ya kazi hii nilikuwa fundi cherehani, kwa hiyo nguo naijua kwa ndani kuliko kwa nje. Lalamiko langu ni fupi: wengi wenu mnatoa vya kutupa, na vya kutoa mnavitupa.

Nianze na maji. Watu hudhani adui wa nguo za msaada ni tundu. Siyo, ni unyevu. Taulo moja likifungwa bichi chini ya mfuko wa plastiki, baada ya siku chache ukungu umeshaota na harufu imehamia kwenye kila kilichomo. Nikifungua mfuko wa namna hiyo pua hutangulia macho. Hapo sichambui tena. Unaondoka mzima mzima, pamoja na koti safi lililokunjwa kwa heshima pale juu. Kuna wanaosema, “Si mtafua?” Hatufui, na maduka mengi ya hisani hayafui. Tulicho nacho ni pasi ya mvuke, na mvuke hauondoi harufu ya ukungu. Ndiyo kwanza unaiamsha. Halafu kutupa si bure. Shirika hulipia taka kwa uzito, na kilicholowa ni kizito. Yaani aliyetoa taulo bichi ametutoza fedha, ingawa ameondoka akijua ametenda wema.

Tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo na vitambaa kando na taka nyingine. Sheria nzuri, lakini wako walioisikia nusu wakadhani sasa kila kitambaa kina mahali pa kwenda, hata kilichofutia rangi au mafuta ya gari. Hakuna sheria inayokausha kilicholowa.

Sasa vile mnavyovitupa. Shati lililokosa kifungo kimoja mnaona aibu kulitoa. Leteni! Kopo la vifungo liko karibu na mkono wangu wa kulia, na kifungo ni kazi ya muda mfupi sana kwa anayejua. Zipu ni habari nyingine. Kubadilisha zipu kunakula muda, hivyo hufanyiwa koti zuri tu. Nguo za kiume hatuna za kutosha kamwe. Wanaume huvaa mpaka kitambaa kichoke, kisha wanaona hakuna cha kumpa mtu, na suruali nzima ikitundikwa haikai. Saizi kubwa, vilevile. Sidiria safi mnazificha kwenye taka kana kwamba ni siri ya nyumba, na huku zina wanunuzi wanaoziulizia. Mikanda pia. Viatu ni vizuri mradi viwe viwili. Vifungeni kwa kamba zake, maana cha kushoto kikiingia mfuko huu na cha kulia mfuko ule, vyote viwili vimekwisha.

Hata sweta la sufu lililotoboka lina njia yake, iwapo ni safi na kavu na shirika lenu limesema linapokea matambara. Ufundi wa kuchana sufu kuukuu na kuisokota upya ulianza Batley, Uingereza, na anayetajwa kuuanzisha ni Benjamin Law, mwaka 1813. Fulana za pamba zilizopauka hukatwa vitambaa vya kufutia mashine, kwa kuwa pamba hunywa majimaji. Poliesta hainywi maji vizuri. Ndiyo maana fulana ya pamba iliyochakaa mwisho wake si mbaya, na blauzi ya poliesta iliyochakaa karibu haina mwisho wowote isipokuwa jalala.

Kazi yenyewe ni ya haraka. Mkono unapita kola, kwapa, ncha za mikono, msamba wa suruali, zipu, mifuko. Mifukoni nimekuta funguo, meno ya bandia, barua za mapenzi (hizo sisomi, ingawa mwenzangu wa meza ya pili husoma). Ninachokiogopa ni sindano, ndiyo maana tunavaa glavu nene. Nguo za watoto hupewa jicho la ziada: kanuni ya Ulaya iitwayo EN 14682 hairuhusu kamba kwenye kofia ya nguo ya mtoto aliye chini ya miaka 7, kwani kamba hunasa mahali na kumkaba. Sweta za sufu nazitazama dhidi ya mwanga nikitafuta alama za kiwavi cha nondo. Kiwavi ndiye mlaji, si nondo mwenyewe, na hupenda zaidi palipobaki jasho. Tafadhali fueni kabla ya kuhifadhi.

Ipo lawama moja siwezi kuikwepa. Husemwa kwamba maduka haya hubakiza kizuri na kuwasukumia watu wa mbali uchafu ndani ya marobota. Kisichouzika dukani kweli huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, nao huchambua tena na kufunga marobota ya kusafirisha. Na kweli ndani yake hutokea nguo ambazo mimi nisingempa mtu. Lakini msitazame robota peke yake, tazameni na kitambaa. Shati nililokuwa nikirekebisha zamani lilikuwa na akiba kwenye mshono. Mwenye nalo akinenepa, unaliachia. Mengi yanayonifikia sasa yamekatwa hadi ukingoni, yakapigwa ovaloki (mshono wa mashine unaofunga ukingo), na mshono ukifumuka hakuna pa kushika. Nguo ya hivyo ilikuwa karibu na taka tangu ikiwa mpya. Mchambuaji hawezi kuirudisha kiwandani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kuhusu matangazo. Mafuriko au moto ukitokea, magazeti huandika “leteni nguo” na kuishia hapo. Kinachofuata ni magauni ya harusi na viatu virefu kwa watu waliolala nje. Mkitangaza, ulizeni kwanza wanaopokea wanataka nini, kisha andikeni hivyo hivyo: masweta ya watoto, nguo za ndani mpya, suruali za kiume, vyote vikavu, kila aina na mfuko wake, na juu ya mfuko iandikwe kilichomo na saizi. Andikeni pia siku ya kuacha kuleta, kwa sababu mifuko huendelea kuja ghala likiwa limeshajaa, na inayoachwa nje ya mlango hunyeshewa.

Mchambua nguo
(Jina limehifadhiwa)