Saa iliyoundwa kwa spea: tazameni namba ya mashine, si sura

Mhariri,

Ushauri wenu kwa wanaotaka kuunda saa ya zamani ya kutia ufunguo kwa spea za saa mbovu ulikuwa mzuri, ila mliposema watafute "saa zinazofanana" mmewapoteza. Saa mbili zenye jina moja usoni zaweza kubeba mashine (mtambo wa ndani unaoiendesha saa) tofauti kabisa, na zisizofanana hata kidogo zikawa na mashine moja. Mashine iitwayo Unitas 6498, kwa mfano, ilitiwa ndani ya saa za majina mengi. Kinachotafutwa ni namba ya mashine, ambayo mara nyingi imegongwa kwenye bamba kuu, chini ya ukingo wa balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huko na kuipa saa kasi yake.

Namba zikilingana, magurudumu, uma (kipande kinachoyaachia magurudumu yasonge hatua moja kwa kila pigo la balansi) na hata skrubu huhamishika. Balansi lakini ichukuliwe nzima, pamoja na ile springi yake nyembamba kama unywele, kwa kuwa viwili hivyo vilipimwa pamoja. Angalieni pia kasi: balansi ya mapigo 21,600 katika saa moja, ikifungwa kwenye magurudumu ya mapigo 18,000, itakimbia dakika 12 mbele katika kila saa moja. Hakuna kurekebisha kutakakofika huko.

Kabla ya kufunga uma, jaza kidogo tu springi kuu, ile inayoipa saa nguvu. Magurudumu yazunguke kwa ulaini, na yakiishiwa nguvu yarudi nyuma kidogo. Yakikwama ghafla, ama tundu la kito (kijiwe ambamo ncha ya ekseli huzunguka) lina uchafu, ama ncha ya ekseli imepinda. Wengi hapa, badala ya kuondoa kasoro hiyo, hutia springi kuu nene zaidi. Saa itaenda, naam, lakini inajila yenyewe. Na uma ukishafungwa, usiung'oe kabla ya kuifungua springi kuu polepole, la sivyo magurudumu yatafyatuka na kuvunja ncha zake.

Mafuta mazito ni ya pipa linaloshika springi kuu, mepesi ni ya vito vya balansi. Ncha za uma zibaki kavu.

Jambo moja hamkuligusa kabisa. Namba na akrabu zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani, kwenye saa za kabla ya miaka ya 1960, huenda zina rediamu. Hata zikiwa zimezimika, mionzi bado ipo. Rangi hiyo isikwanguliwe wala vumbi lake lisipulizwe.

Msomaji wenu,
Fundi saa