Harufu ya baba isiachwe juani

Bwana Mhariri,

Sisi tunaouza manukato ya wanaume hapa Lubumbashi tunaomba nafasi tuseme juu ya chupa zinazopangwa juani.

Wateja wengi hawataji jina. Husema, "Nataka ile ya baba," kisha wanaeleza: inanukia sabuni, nyasi kavu, mtu aliyetoka kunyoa. Mara nyingi ni jamii ambayo Wafaransa huiita fougère, yaani kangaga, ingawa huwezi kukamua manukato hayo kwenye kangaga. Jina lilitokana na Fougère Royale ya Houbigant, 1882: juu, yaani inayonukia kwanza, ni lavenda; chini, yaani inayobaki mwisho, ni kumarini yenye harufu ya nyasi kavu pamoja na kuvumwani ya mialoni, uoto unaoshika magome ya miti hiyo. Brut ya 1964 na Azzaro Pour Homme ya 1978 ni wa ukoo huo. Sabuni na krimu nyingi za kunyolea ziliiga mchanganyiko uleule. Ndiyo maana pua inamkumbuka baba mbele ya kioo.

Chupa ikikaa juani, hutangulia kufa harufu za juu: limau, bergamoti (tunda la jamii ya machungwa), lavenda. Joto, mwanga na hewa huzigeuza, zikaanza kunuka kama tapentaini, na zikiharibika hivyo huweza kuwasha ngozi. Mteja akipuliza anakutana na uzito wa chini peke yake, anasema ameuziwa feki. Pengine ni ya kweli, imeuawa na jua la Oktoba. Rangi isikudanganye: vanila huwa kahawia hata harufu ikiwa nzima.

Ndugu wauzaji, wekeni nje maboksi matupu, chupa zenyewe zibaki ndani ya boksi, kivulini, mbali na bati la paa. Ya kujaribia iwe moja tu.

Mnunuzi alinganishe namba iliyo chini ya chupa na ile ya boksi, zikitofautiana, arudishe. Apulize kwenye karatasi, asubiri dakika 30, ndipo aweke kwenye ngozi. Akinusa zaidi ya tatu kwa mara moja, pua inachoka. Asisugue ngozi aliyopulizia.

Hata chupa nzima na mpya inaweza isifanane na ile ya zamani. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku atranoli na kloroatranoli, vitu vya asili vilivyomo katika kuvumwani ya mialoni, kwa sababu ya mzio wa ngozi. Viwanda vikalazimika kusafisha kuvumwani hiyo au kuibadilisha, na ule ubichi wa msituni ukapungua. Hapo muuzaji hana kosa, na pua ya mteja haijamdanganya.

Kwa mzee anayejipaka: mara mbili au tatu kifuani, chini ya shati, umbali wa sentimita 15. Shingo iliyonyolewa sasa hivi iachwe, maana alkoholi inachoma na vipele vinazidi. Odikoloni (manukato mepesi) yenye mafuta ya bergamoti isiyosafishwa ikipigwa na jua shingoni huacha madoa meusi ya miezi. Na asipulize karibu na mbabula, jiko la mkaa, yenye moto. Alkoholi inawaka upesi.

Anayetaka kumzawadia baba anunue ya mililita 50 badala ya 100. Chupa kubwa iliyobaki nusu imejaa hewa, na hewa hiyo inaendelea kuila harufu hata kabatini.

Wauzaji wa manukato,
Lubumbashi