Kabla ya kuivalisha Corolla ya zamani turbo

Ndugu Mhariri,

Vifurushi vya turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, vinavyotangazwa mitandaoni vinamfanya mwenye Corolla ya miaka ya 1990 aamini kuwa kazi yote ni manifoldi, mabomba na fundi wa kuchomelea. Turbo ndiyo inayopaswa kununuliwa mwisho. Kinachoua mashine hizo mara nyingi ni petroli pungufu na cheche inayowahi mno, na kuviweka sawa hivyo viwili hugharimu kuliko turbo yenyewe.

Tuchukue injini ya Corolla, 4A-FE ya cc 1587, ambayo kila gereji inaijua. Mgandamizo wake, yaani kiasi inachobana hewa na petroli kabla ya cheche, ni 9.5 kwa 1. Toyota ilipoifungia ndugu yake, 4A-GZE, supachaja (kisukuma hewa kinachozungushwa na mkanda wa injini), ilianza na 8 kwa 1, na 4E-FTE ya Starlet, yenye turbo toka kiwandani, ni 8.2 kwa 1. Kwa 9.5 nafasi ni ndogo sana kabla petroli haijalipuka yenyewe ndani ya silinda, ule mlio wa kokoto kwenye kopo. Pistoni na konrodi zikiwa za kiwandani, ishia presha ya turbo ya pauni 6 kwa inchi ya mraba, yaani bar 0.4. Anayeahidi pauni 12 bila kufungua injini anauza pistoni zilizotoboka.

Pima kompresheni kwanza, yaani presha inayojengeka ndani ya silinda stata ikizungusha injini. Mashine nzima hutoa karibu pauni 190 kila silinda. Ikiwa chini ya 142, au silinda zinapishana kwa zaidi ya pauni 14, hela ya turbo iende kwenye ringi na vali.

Kompyuta ya gari haijui kwamba kuna turbo. Sensa ya presha kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, iliyokuja na gari, haikutengenezwa kusoma presha iliyozidi ile ya hewa ya kawaida, hivyo hewa inaongezeka na petroli inabaki ileile. Inatakiwa kompyuta inayoweza kupangwa upya, sensa ya bar 2 au zaidi, nozeli za cc 300 hadi 360 kwa dakika, pampu inayoendana nazo, na kipimo cha oksijeni cha masafa mapana, kinachokaa kwenye ekzosi na kuonyesha uwiano wa hewa na petroli. Turbo ikisukuma, uwiano kwa uzito uwe hewa 11.5 hadi 12 kwa petroli 1. Ukiona 13, petroli ni pungufu, ondoa mguu. Cheche icheleweshwe karibu digrii 1 kwa kila pauni ya presha ya turbo. Wapo wanaozungusha distribyuta tu na kuridhika. Hiyo inachelewesha cheche hata pasipo mzigo, gari linakuwa zito kwenye foleni na ekzosi inapata moto bure. Plagi ziwe za baridi zaidi kwa namba moja, yaani zinazotoa joto haraka zaidi, na uwazi wa milimita 0.7.

Sasa oili ya kulainisha turbo, ambako pesa nyingi hupotea. Ya kuingia huchukuliwa kwa T kwenye tundu la swichi ya presha, na bomba jembamba linatosha. Ya kurudi haisukumwi na chochote, inashuka kwa uzito wake. Bomba lake liwe na upana wa ndani usiopungua milimita 16, literemke moja kwa moja bila kujipinda kwenda juu, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likibana, oili hujaa ndani ya turbo na kupenya kwenye sili, moshi wa bluu unatoka, mwenye gari anaambiwa turbo imekufa, ananunua nyingine, na moshi uko palepale. Sampu ishushwe kabla ya kutobolewa. Chembe za chuma zikibaki ndani zitamaliza beringi. Kwenye mpira wa PCV, unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, weka vali ya kwenda upande mmoja, la sivyo presha itaingia kwenye chumba cha krenki na kusukuma sili nje.

Turbo yenyewe iwe ndogo, mfano CT9 au TD04 ya gari la petroli. Ya dizeli iacheni: moshi wa petroli una joto kali zaidi, na nyumba ya turbo ya dizeli inaweza kupasuka. Shika shafti uitikise. Kucheza kidogo juu na chini si ubaya, kwenda mbele na nyuma kwa kuhisika ni ubovu. Intakula, rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, si pambo, kwa sababu hewa ya Dar ya nyuzi 30 ikibanwa kwa pauni 6 hutoka ikikaribia nyuzi 80.

Gari lililopangwa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, lipimwe upya likishuka Dar. Pauni 6 za geji zinahesabiwa juu ya hewa ya mahali ulipo, na ya Mbeya ni pungufu kwa asilimia 18 hivi. Huku pwani mashine inameza hewa nyingi na yenye joto zaidi, nayo huweza kuanza kugonga ilhali geji inaonyesha namba ileile.

Siku ya kuwasha, chomoa waya wa koili upige stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi taa ya oili izime, ndipo uirudishe cheche. Badilisha oili baada ya kilomita 500, kisha kila 3,000.

Wenye giaboksi ya otomatiki wasijaribu kabla ya kuiimarisha. Na wenye Starlet ya 4E-FE, isiyo na turbo, watafute 4E-FTE nzima pamoja na waya na kompyuta yake. Hesabu ya mwisho huwa ndogo kuliko kuifungia turbo ya zamani.

Mafundi wa injini,
Dar es Salaam