Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: mkituita kugawa unga, tuiteni na rejista inapofunguliwa

YAH: WAJANE, REJISTA ZA AMCOS (VYAMA VYA MSINGI VYA USHIRIKA) NA KANGOMBA (UNUNUZI WA KOROSHO KWA MAGENDO)

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam kutoka kigangoni kwetu, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Mvua zinakatika, watu wanapalilia mikorosho, na muda si mrefu salfa, dawa ya mikorosho, itaanza kugawiwa. Nakuandikia sasa kwa sababu minada ikishaanza mwezi Oktoba hakuna mwenye nafasi ya kusoma barua ya mtu.

Kwaresima iliyopita ulifika parokiani ukatushukuru kwa unga, mafuta na sabuni tulivyowapelekea wazee na wajane. Picha zikapigwa, zikazunguka kwenye makundi ya simu. Shukrani tulizipokea, na mwakani tutachanga tena. Lakini naomba nikueleze unga ule unakwenda kwa nani, na kwa nini mtu huyohuyo anauhitaji kila mwaka.

Jumuiya zetu ndogo ndogo husali nyumba kwa nyumba kila wiki, kwa hiyo tunajua nani amepika na nani amelalia ming'oko, mizizi ya porini. Yupo mama mmoja, mjane, simtaji jina. Shamba analilima mwenyewe. Mume amefariki, ila kwenye rejista ya chama cha msingi jina lililopo bado ni la marehemu. Salfa ya ruzuku inatoka kwa jina. Malipo ya korosho yanaingia benki kwa jina. Wapwa wa marehemu nao wamekuja na hoja yao ya siku zote, kwamba ardhi sawa, ni ya ukoo wa mama huyo, lakini mikorosho aliipanda mjomba wao.

Basi ikifika Machi ndani hakuna kitu, na mnunuzi wa kangomba anabisha hodi na fedha taslimu. Anakopesha leo, atapima msimu ukifika, kwa bakuli lake. Bakuli hilo kila mtu kijijini anajua linazidi kilo. Korosho zinaondoka usiku, kisha zinaingia ghalani kwa jina la mtu mwingine mwenye rejista safi. Unga wetu humsukuma mama yule wiki mbili tatu. Deni humkalia mpaka Kwaresima nyingine, nasi tunarudi na unga mwingine.

Sisemi mfumo wa stakabadhi ghalani ufutwe. Tangu ulipoanza huku mwaka 2007 nimeona faida yake: mzani, mnada wa wazi, fedha kupitia benki. Ninachosema ni kwamba asiye na jina kwenye rejista hauoni mfumo huo hata kwa mbali. Na wakati wa misako ya kangomba, kama ile ya mwishoni mwa 2018 serikali ilipotangaza kununua kilo kwa shilingi 3,300 na wanajeshi wakaja kusomba korosho, niliowaona wakitetemeka hawakuwa wenye malori. Walikuwa kina bibi waliokwisha kula fedha za mnunuzi tangu masika.

Kamati yetu ya Haki na Amani ilikwenda kuuliza jina la marehemu linabadilishwaje. Ikajibiwa isiingize dini kwenye ushirika. Mheshimiwa, jibu hilo halifanani na historia ya Kusini. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka pwani ya Lindi akiongozana na watu waliokombolewa utumwani, wakaenda kuanzisha makazi Masasi. Kwa ndugu zetu Waanglikana kanisa la huku lilianza na watu waliotoka minyororoni. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, alikuja huku akiwa amekwisha kupambana na ubaguzi wa rangi kule Johannesburg. Kwetu Wakatoliki, nenda Ndanda au Nyangao ukaone hospitali. Mgonjwa haulizwi anasali wapi. Iweje dini iruhusiwe kutibu, kufundisha na kulisha, ikatazwe kuuliza?

Na si kanisa peke yake. Huku Waislamu ndio wengi, na majina ya wanaopewa unga tunayaandika pamoja na wazee wa msikiti. Wajane wa pande zote mbili wana tatizo lilelile la jina.

Nisiwafiche wetu pia. Baadhi ya wanunuzi wa kangomba tunasali nao, tena sadaka zao za mavuno ndizo nono. Hilo tutalisema sisi wenyewe kanisani. Wewe halikuhusu.

Linalokuhusu ni hili. Kabla salfa haijaanza kugawiwa, agiza kila chama cha msingi kilete rejista kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukaa kila miezi mitatu, majina yasomwe kwa sauti. Likitajwa jina la marehemu, mjane asimame, na ukoo usimame. Wazee wa kanisa na wa msikiti wawe mashahidi, afisa ushirika aandike. Penye ubishi, mirathi iende Mahakama ya Mwanzo, hatuombi kuhukumu. Lakini anayesubiri mahakama aandikwe kwa muda, apate salfa, maana ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, hausubiri hukumu. Na mama aliyeuza kwa kangomba akija kusema amemuuzia nani, apokelewe kama shahidi, asiwekwe ndani.

Upande wetu, jumuiya imekubali sehemu ya mchango wa mwaka huu iwe nauli ya wajane kwenda mahakamani. Haikupita kirahisi. Wapo waliosema sadaka ya maskini ni chakula, na mabasi si kazi yetu. Tulibishana mpaka jioni, kura zikaamua.

Mkutano wa kijiji chetu unatarajiwa mwezi Juni. Ukituma agizo mapema, mtendaji atabandika tangazo, nasi tutalisoma baada ya misa na msikitini litasomwa baada ya swala ya Ijumaa. Kama kuna kifungu kinachozuia rejista kusomwa hadharani, tunaomba tuandikiwe ni kipi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mjumbe wa Kamati ya Haki na Amani, kigangoni